KUKU WA JIRANI
Kanuni za kufuga kuku kati ya nyumba na nyumba kwetu Wamaza

Ukikaa kwenye barza ya shefu wakati wa mavuno ya mpunga, siku hazipiti nyingi bila kusikia kesi ya kuku. Vijana wanacheka: kuku naye ni kesi? Mimi sicheki tena, sababu niliona moja katika mtaa wetu.

Mama mmoja alianika mpunga kwenye mkeka, akaingia jikoni kutazama sombe. Kuku wa jirani wakaja na vifaranga vyao. Mama akatoka, akatupa kipande cha kuni, kuku mmoja akafa palepale. Kwa hofu akamficha, na usiku akaliwa. Asubuhi manyoya yakaonekana kwenye shimo la takataka. Mwenye kuku hakwenda kwa shefu, alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi moja ya Leta. Kesi ilichukua wiki mbili. Mama alitoa mbuzi mzima, mwenye kuku naye alilipia karatasi za mwito, na mpaka leo watoto wa zile nyumba mbili hawaendi kuchota maji pamoja.

Wazee wangeikata kesi hii asubuhi moja. Tuangalie walikuwa na kanuni gani.

Kanuni za wazee

Ya kwanza ni ya mchana na usiku. Mchana kuku anatembea, hafungwi. Kwa hiyo anayeanika mpunga, karanga ao muhogo ndiye anayelinda, ama mwenyewe ama mtoto mwenye fimbo. Lakini jua likizama, mwenye kuku anawafungia wote kwenye kibanda ao jikoni. Akiwaacha nje, lawama ni yake.

Ya pili ni ya kuku mgeni. Kuku aliyenunuliwa sokoni ao aliyetolewa zawadi anafungwa kamba mguuni siku kadhaa, mpaka ajue nyumba yake. Methali inasema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Leo tunaitumia kwa watu, lakini ilianza kama kazi ya kweli ya mikono. Pamoja na kamba kuna alama: kitambaa cha rangi ao ukucha uliokatwa, ili majirani wasigombanie kuku mmoja.

Ya tatu ndiyo kubwa: kuku aliyekufa ana mwenyewe. Ukimpiga akafa, hata kama alikuwa kwenye mkeka wako, unambeba mkononi mchana kweupe na kumpeleka kwa mwenyewe. Unasema: «Ndugu, nimekosa, huyu hapa.» Mara nyingi mwenye kuku anajibu: «Basi, tumpike, tule wote.» Kosa ambalo wazee hawakulisamehe upesi ni kuficha. Yule mama wa mtaa wetu hakuhukumiwa kwa kipande cha kuni, alihukumiwa kwa manyoya.

Ya nne ni kufugisha. Mwenye kuku wengi anampa jirani kuku mmoja amlee, na vifaranga wanagawana. Hapo kuku wa jirani ni kuku wako pia, na ni vigumu kumtupia kuni.

Zilitoka wapi?

Kuku ana nafasi katika historia ya Maniema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Aliandika kwamba alimwona mtu wa kundi la mfanyabiashara Dugumbe akibishana bei ya kuku na kumkamata kwa nguvu. Punde bunduki zikalia katikati ya umati. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, kuwa kati ya 330 na 400. Sababu ya yale mauaji ilikuwa kubwa kuliko kuku: walitaka kuonyesha nguvu zao. Lakini dharau ilianza kuonekana pale mkono uliposhika kuku wa mtu bila kukubaliana.

Tippu Tip alikaa Kasongo tangu karibu 1875, na Waungwana wakaeneza mpunga. Dhanis aliichukua Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, utawala ukabadilika, mpunga ukabaki. Mpunga unaanikwa mbele ya nyumba, na hapo ndipo kuku na mkeka vilipokutana.

Waungwana walileta pia Uislamu. Katika hadithi za Mtume kuna hukumu juu ya ngamia aliyeharibu bustani ya watu: mwenye bustani alinde mchana, mwenye mnyama alinde usiku. Ni kanuni yetu ya kwanza ileile! Na ndugu Wakristo wanasoma katika Kutoka, sura ya 22, kwamba mtu ambaye mnyama wake amekula shamba la mwingine atalipa kwa mazao bora ya shamba lake. Ndiyo maana kwetu mila na dini hazikugombana kwenye jambo hili.

Sheria ya Leta

Leta ilikuja na lugha nyingine. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kitabu cha tatu cha sheria za kiraia ambacho tunakitumia hata leo, inasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama anajibu kwa hasara aliyoifanya mnyama huyo, hata kama alikuwa amepotea ao ametoroka. Haitengi mchana na usiku. Mzigo wote uko juu ya mwenye mnyama.

Halafu Wabeleji walihamisha vijiji na kuvipanga kandokando ya barabara, nyumba kwa mstari. Watu wa koo mbalimbali wakawa majirani. Kuku hakujua mpaka wa ukoo. Dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 ilizipa tribinali za wenyeji nafasi ya kuhukumu kwa mila, na hivyo kanuni za wazee ziliendelea kwenye barza, pembeni ya kile kifungu cha 1888. Katiba ya mwaka 2006 nayo, katika kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila.

Vita vya 1996 na 1998 vilimaliza mabanda. Wenye silaha walipita wakabeba kila chenye mabawa. Tulipotoka porini, wengi walianza tena na kuku mmoja wa kufugisha. Kanuni ya nne ilitulisha.

Na leo?

Leo parseli zinagawanywa kati ya watoto, na nyumba zimebanana. Kanuni ya mchana inachoka, sababu mtoto wa kulinda mkeka yuko shuleni, na ni vizuri awe huko. Tena kuna ugonjwa wa Newcastle, ambao wenzetu wa Tanzania wanauita kideri ao mdondo. Kuku mmoja mgonjwa akizunguka anaweza kumaliza kuku wa mtaa mzima. Chanjo ipo, tone moja jichoni, lakini mmoja akichanja na kumi wakikataa, ugonjwa unabaki mtaani.

Kwa hiyo napendekeza kwa mashefu wetu mambo matatu. Katika majuma ya kuanika mpunga, kuku wafungwe asubuhi, wafunguliwe mikeka ikiondolewa. Ugonjwa ukiingia, kila mtu afunge wake siku ileile, na mizoga izikwe, isitupwe. Na kesi ya kuku ipite kwanza kwenye barza, kabla ya karatasi yoyote ya mwito.

Kifungu cha 261 kinajua nani alipe. Hakijui namna ya kuwafanya watoto wachote maji pamoja tena. Wazee walijua: beba kuku mkononi, mchana kweupe, piga hodi kwa jirani.