Methadoni na Neno “Saidizi”

Kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, watu hupanga foleni mbele ya dirisha la dawa kwenye kliniki za methadoni za Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Malindi. Anayefikiwa na zamu hutambuliwa kwanza, huulizwa hali, kisha hupimiwa dawa ya maji ndani ya kikombe kidogo. Huinywa palepale, mbele ya macho ya aliyempimia, na kabla hajaondoka husemeshwa ili ijulikane kwamba ameimeza, hakuificha mdomoni. Huchukua dakika chache. Mwenye kazi huenda kazini, mwenye mtoto hurudi nyumbani, na kesho watakuja tena.

Wahudumu huiita huduma hii ya kuwatibu waraibu wa heroini MAT, kifupi cha maneno matatu ya Kiingereza ambayo yakifasiriwa moja moja hutoa “tiba inayosaidiwa na dawa”. Kwa Kiswahili wapo wanaoandika tiba saidizi, wapo wanaoandika tiba mbadala, na mtaani watu husema tu “yuko kwenye methadoni”. Katika majina hayo, la mtaani ndilo lisilompotosha mtu. Mengine mawili yana kasoro, na kasoro hizo humgusa mgonjwa mwenyewe.

Heroini hutokana na mofini, na mofini hutoka kwenye utomvu wa mpopi. Zao la mmea huo Waswahili wanalijua tangu zamani kwa majina mawili, afyuni na kasumba. Kasumba imehamia kwenye siasa, ikawa jina la fikra za kikoloni zilizoganda kichwani. Afyuni imebaki kwenye dawa, na ndiyo maana waandishi wa afya husema “dawa jamii ya afyuni” wakikusudia mofini, heroini na nyinginezo zinazofanya kazi kama hizo mwilini, hata zile zilizotengenezwa maabara bila tone la utomvu.

Dawa za jamii hiyo hushika vipokezi maalumu kwenye ubongo. Heroini huvishika kwa kasi, hupandisha raha ghafla, na baada ya saa chache huviachia. Hapo ndipo inapoanza arosto: kamasi, jasho, miayo, tumbo kukata, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Aliyezama kwenye uraibu kwa miaka hatafuti raha tena. Anatafuta kete ya kumtoa kwenye arosto, na baada ya saa chache anatafuta nyingine. Siku nzima huishia hapo, pamoja na fedha, vyombo vya nyumbani na uaminifu wa ndugu.

Methadoni hushika vipokezi vilevile, lakini huingia polepole ikinywewa na hukaa muda mrefu, kiasi kwamba kipimo kimoja kinamtosha mtu kwa siku nzima. Haimpandishi wala haimwangushi. Mgonjwa huanzishiwa kiasi kidogo, kwa kawaida kisichozidi miligramu 30, kisha huongezwa taratibu. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Uangalifu huo una sababu: methadoni hujilimbikiza mwilini, na anayepandishiwa haraka anaweza kuacha kupumua.

Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Kazi yake ya sasa ilianza New York mwaka 1964, pale madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, pamoja na mwenzao kijana Mary Jeanne Kreek, walipowapa waraibu wa heroini dawa hiyo. Awali, walipokuwa wakipewa mofini, wagonjwa walikaa tu wakisubiri sindano inayofuata. Walipohamishiwa methadoni, mmoja akashika brashi na kuanza kuchora, mwingine akaomba aruhusiwe kurudi masomoni. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni, pamoja na dawa mwenzake, buprenofini, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata huduma ikafika Pwani. Kilichoharakisha ni Ukimwi. Tafiti za miaka ya 2000 jijini Dar es Salaam zilikuta zaidi ya theluthi moja ya wanaojidunga wana virusi, kwa sababu sindano zilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Anayekunywa kikombe chake asubuhi hana haja ya sindano.

Turudi kwenye “saidizi”. Neno hilo linasema kwamba tiba yenyewe iko kwingine, pengine kwenye ushauri nasaha au kwenye nia ya mtu, na kwamba dawa imekuja kusukuma kidogo. Ushauri nasaha una thamani kubwa na kliniki nzuri haiutoi kwa kulipua. Lakini kinachozuia vifo ni dawa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa katika kila watu 1,000 wanaofuatiliwa kwa mwaka, hufariki takriban 11 walio kwenye methadoni, na 36 baada ya kuiacha. Mwili ulioacha husahau kiwango ulichokuwa umekizoea, na kete ileile ya zamani inaua. Marekani, lilikozaliwa jina hili, wataalamu wameanza kuliacha. Ripoti ya Akademia za Taifa za Sayansi ya mwaka 2019 ilichagua kusema tiba yenye msingi wa dawa. Hakuna sababu ya Kiswahili kukirithi kivumishi ambacho wenyewe wanakivua.

“Mbadala” nayo ina mzigo wake. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa hiyo msomaji akikutana na tiba mbadala huwaza mitishamba, au tiba ya sindano ya Kichina. Na hata asipowaza hivyo, mbadala humpa jirani silaha: “Kabadilisha unga kwa unga wa serikali.” Kauli hiyo husemwa, na kuna wagonjwa wanaoacha kliniki kwa sababu yake.

Jina linalofaa ni refu kidogo lakini linasema kweli: tiba ya uraibu kwa methadoni, na kwa ujumla wake, tiba ya uraibu wa afyuni kwa dawa. Uraibu wenyewe ni neno lenye historia; zamani lilitumika kwa tambuu na viungo vyake, popoo, chokaa na tumbaku, yaani kitu ambacho mtu amekizoea hadi hakiachi. Halina tusi ndani yake, tofauti na teja, na “mraibu” anaweza kuitwa hivyo mbele ya mama yake.

Lipo neno jingine linaloleta tabu kuliko yote, na kila mtu hulitumia bila kufikiri. Ni dozi. Miaka mingi ya kampeni za malaria na kifua kikuu imewafundisha watu kumaliza dozi, yaani dawa zote hadi kidonge cha mwisho, kisha mtu amepona. Ndugu wakisikia kijana wao anakunywa dozi ya methadoni, huuliza kwa nia njema kabisa: “Anamaliza lini?” Wapo wanaopunguziwa taratibu na kutoka baada ya miaka, kwa makubaliano na daktari. Wapo wanaoendelea, kama mwenye presha anavyoendelea na vidonge vyake. Kumharakisha ni kumrudisha kwenye hatari ile ya kete ya zamani.

Aliye na kifua kikuu ana jambo la ziada. Rifampisini, mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, huchochea ini kuivunja methadoni haraka, na kipimo kilichokuwa kinamtosha siku nzima hakifiki usiku. Anarudiwa na arosto, anahangaika, na nyumbani wanaamini ameanza tena. Anachohitaji ni kuongezewa kipimo. Ndiyo maana inafaa mhudumu aseme “kipimo chako cha leo”, aache dozi kwa dawa zenye mwisho, na amweleze mama aliyemsindikiza mwanawe kwamba kipimo hicho huweza kupanda au kushuka bila kosa la mgonjwa.