Ergonomia: Kazi Ndiyo Ifuate Mwili

Istilahi ergonomia iliundwa mwaka 1857 na mwanasayansi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, kutokana na maneno ya Kigiriki ergon, yaani kazi, na nomos, yaani kanuni. Wako wanaoifasiri kuwa elimu ya mkao bora kazini. Fasiri hiyo haitoshi, na ina madhara. Inamwelekea mfanyakazi na kumwagiza anyooshe mgongo, ilhali taaluma yenyewe inaichunguza kazi: umbo la zana, kimo cha meza, uzito wa mzigo, kasi na mapumziko. Fasiri inayofaa ni elimu ya kulinganisha kazi na mwili, na ndani yake ieleweke kwamba kinachobadilishwa kwanza ni kazi.

Tofauti hii inaonekana wazi katika kaunti za Homa Bay na Migori, nchini Kenya. Kwenye fuo za Mbita, Sindo na Muhuru Bay, wanawake huanika omena, samaki wadogo, kwenye nyavu zilizotandazwa chini, wakiinama kuwasambaza, kuwageuza na kuwakusanya. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kama Macalder na Osiri, mawe hupandishwa kutoka mashimoni kwa magunia, kisha mengine hupondwa kwa nyundo na watu walioketi chini. Katika mashamba ya miwa ya Awendo, mkataji huinama hadi shinani mwa muwa, tena na tena. Mtu anapoinama, uzito wa kiwiliwili chake hugeuka mzigo wa kiuno, na akinyanyua kitu kilicho mbali na kifua, mzigo huo huongezeka. Misuli na kano zinazorudia tendo moja bila kupumzika huumia kidogo kidogo, hadi maumivu yawe ya kudumu. Haya ndiyo maradhi ya misuli na viungo yatokanayo na kazi. Kumwambia mwanika omena akae vizuri hakumsaidii, kwa kuwa samaki wako ardhini. Kinachomsaidia ni kichanja cha kimo cha kiuno.

Wapo watakaosema kwamba elimu hii ni ya maofisi yenye viti na kompyuta, na kwamba maskini hawezi kuigharimia. Lakini kichanja hujengwa kwa miti na nyavu, na pia huwaepusha samaki na mchanga, kwa hiyo faida yake haiishii mgongoni. Kugawa mzigo katika magunia madogo hakuhitaji mtambo. Kanuni ya unyanyuaji ya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1991, huanza na kilo 23 pale mazingira yanapokuwa mazuri kabisa, kisha hushuka kadiri mtu anavyoinama, kujipinda au kurudia tendo. Gunia la mahindi lililozoeleka katika biashara ya Kenya ni kilo 90. Hakuna mkao unaoweza kuziba pengo hilo. Wengine watasema wazee wetu walifanya kazi hizi na wakaishi. Waliishi, ndiyo, lakini maumivu ya kiuno yaliitwa uzee, na kazi iliyoyaleta haikuulizwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba wengi wa watu hawa hawana mwajiri wa kuwajibishwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri alinganishe vituo, vifaa na majukumu ya kazi na uwezo wa mfanyakazi, na inamkataza kumbebesha mzigo ambao uzito wake unaweza kumjeruhi. Hata aliyejiajiri hakuachwa nje, kwani anatakiwa kulinda usalama wake na wa wengine. Hata hivyo, mchimbaji mmoja hawezi kununua winchi peke yake. Kwa hiyo wajibu huu ubebwe pia na vyama vya wachimbaji, vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) na serikali za kaunti: winchi mashimoni, vichanja fuoni, ukomo wa uzito wa magunia. Fasiri sahihi ya ergonomia inatuonyesha pa kuanzia, napo ni kwenye vifaa na mipango ya kazi, kabla ya kumkosoa anayeumia.