Krismasi katika Ranchi ya Bwana na Bibi Johnson

Katika vipindi vya historia aghalabu tunawafundisha wanafunzi wetu habari za vita, mikataba na sheria. Ni mara chache tunapowakumbusha kwamba mambo makubwa huweza kuchipuka katika mambo madogo: chungu kilichotelekwa mekoni, mgeni apigaye hodi, safari ya kwenda nyumbani kwa ajili ya sikukuu. Makala haya yanahusu ranchi moja katika jimbo la Texas, nchini Marekani, iliyokuwa mali ya Lyndon B. Johnson na mkewe, aliyejulikana kwa jina la Lady Bird.

Wawili hao walifunga ndoa mjini San Antonio mwezi wa Novemba 1934. Mwaka 1951 walipata nyumba na shamba la shangazi yake Bwana Johnson, kando ya mto Pedernales, karibu na kijiji cha Stonewall. Hapakuwa mbali na mahali alipozaliwa mwenyewe mwaka 1908. Humo walifuga ng'ombe wa Hereford, ambao ni wekundu wenye nyuso nyeupe. Johnson alipokuwa Rais, tangu Novemba 1963 hata Januari 1969, watu waliiita ranchi hiyo Ikulu ya Texas.

Nchi ile ya vilima ni njia panda ya mila. Wajerumani walioanzisha mji wa Fredericksburg mwaka 1846 walikuja na desturi yao ya kupamba mti wa Krismasi. Kwa kuwa misonobari ya kwao haikuota huko, watu walikata miti ya jamii ya mreteni iliyojiotea vilimani. Watu wenye asili ya Mexico nao walikuwa na tamale. Chakula hiki hutengenezwa kwa unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa. Unga huo hukandwa kwa mafuta, hutiwa nyama yenye viungo, hufungwa katika maganda ya mahindi, kisha hupikwa kwa mvuke. Kazi hiyo si ya mtu mmoja. Jamaa huketi pamoja, huyu akipaka unga, huyu akitia nyama, na huyu akifunga, kama akina mama wa kwetu wakaapo kuchambua mchele wa karamu. Watu hao hao wana desturi iitwayo posada. Kwa siku tisa kabla ya Krismasi huigiza safari ya Yusufu na Mariamu, wakienda mlango hadi mlango wakiomba mahali pa kulala, nao hukataliwa mpaka wafike penye mlango unaofunguliwa.

Chakula kilichotia fora katika ranchi ni chili, mchuzi mzito wa nyama. Watu wengi mno waliandika barua kuuliza namna ya kuupika, hata Bibi Johnson akachapisha kadi za maelezo ili kuwapelekea. Huhitajiwa nyama iliyosagwa kwa kukwaruzwa, yapata kilo 1.8, kitunguu kikubwa kimoja, vitunguu saumu, bizari ya pilau, majani makavu ya oregano, pilipili ya unga, nyanya na maji ya moto. Maharagwe hayamo. Vyote huchemka polepole kwa muda wa saa moja, na mafuta yanayoelea huenguliwa. Jambo hili la mwisho lilikuwa na sababu yake, kwani Bwana Johnson alipatwa na ugonjwa mkali wa moyo mwezi wa Julai 1955. Yeye mwenyewe alipendelea nyama ya kulungu wa vilimani kuliko ya ng'ombe, kwa kuwa haina mafuta mengi.

Krismasi ya mwaka 1963 ilikuwa ya namna ya pekee. Rais Kennedy alikuwa ameuawa tarehe 22 Novemba, na Johnson alishika madaraka siku hiyo hiyo. Siku chache baada ya Krismasi, tarehe 28 na 29 Desemba, ranchi ilimpokea Ludwig Erhard, Waziri Mkuu wa Ujerumani ya Magharibi. Badala ya dhifa ya Ikulu, mgeni aliandaliwa nyama choma. Kwa sababu ya baridi karamu ilifanyiwa ndani ya ukumbi wa michezo wa shule ya Stonewall. Van Cliburn alipiga piano, nao wageni wakala mbavu na maharagwe. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini si kila msafiri aliyepokewa hivyo. Tangu mwaka 1942 mpishi wa akina Johnson mjini Washington alikuwa Bibi Zephyr Wright, mwanamke mweusi wa Texas aliyesoma katika Chuo cha Wiley. Chakula chake kilisifiwa na wakubwa wengi wa mji huo. Hata hivyo, kila familia ilipohama baina ya Washington na Texas, yeye na watumishi wenzake walipita kwa gari katika majimbo ya Kusini, ambako mtu mweusi hakupewa kitanda katika hoteli, wala kiti mkahawani, wala ruhusa ya kutumia choo. Hatimaye Bibi Wright alizikataa safari hizo, akabaki Washington. Mikono iliyowalisha mawaziri na maseneta haikuweza kununua kikombe cha chai njiani. Maigizo ya posada, kwake yeye, hayakuwa maigizo.

Johnson aliyakumbuka mateso hayo, akawasimulia wabunge alipokuwa akiwashawishi waunge mkono Sheria ya Haki za Raia. Sheria hiyo, iliyokataza ubaguzi katika hoteli na mikahawa, aliitia sahihi tarehe 2 Julai 1964. Miongoni mwa kalamu alizotumia siku hiyo, moja alimpa Bibi Wright. Si kwamba mpishi mmoja ndiye aliyeileta sheria. Ililetwa na miaka mingi ya mapambano ya watu weusi, ambao wengi wao walifungwa na wengine kuuawa. Lakini ushahidi wake ulikuwa umeketi mezani pa mwenye mamlaka kwa zaidi ya miaka ishirini.

Johnson alifariki ranchini tarehe 22 Januari 1973, na mkewe alifariki mwaka 2007. Wote wawili wamezikwa kando ya mto Pedernales, na ranchi yao ni hifadhi ya taifa. Kadi za chili zingaliko, na watu huupika mchuzi ule mpaka leo. Sisi walimu tunaposimulia karamu za wakubwa, tusisahau kuwauliza wanafunzi ni nani aliyepika, na kwamba usiku ule alilala wapi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.