Königsberg: Manowari tatu, jina moja

JINA la Königsberg halikosekani katika historia ya Vita ya Kwanza ya Dunia nchini Tanzania. Hata hivyo, Ujerumani ilikuwa na manowari tatu zilizolibeba kwa nyakati tofauti, na msomaji asipotazama mwaka ni rahisi kuzichanganya.

Ya kwanza, iliyoshushwa majini mwaka 1905, iliwasili Dar es Salaam Juni 1914 chini ya Nahodha Max Looff. Septemba 20 mwaka huo iliivamia manowari ya Uingereza, Pegasus, iliyokuwa ikifanyiwa matengenezo Zanzibar, ikaizamisha. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwenye maji yale ya kina kifupi, hivyo zikaletwa Severn na Mersey, zilizoundwa kwa kazi za mitoni.

Wakati huo vita vilikuwa vimefika pia kaskazini magharibi, ambako mto Kagera, pale Murongo, uligawa makoloni ya mahasimu hao. Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria, wakaishambulia Bukoba na kuondoka. Julai 11, Königsberg ikiwa imeharibiwa vibaya kwa makombora, mabaharia wake waliilipua wenyewe.

Lakini haikufia hapo. Mizinga yake yote 10 iliopolewa na kukokotwa nchi kavu kwa nguvu za Waafrika, jambo ambalo vitabu vingi hulipitia haraka mno. Mmoja ulifungwa katika meli ya Götzen, Ziwa Tanganyika, ambayo baadaye ilipewa jina la Liemba.

Desemba 1915, miezi mitano tu baadaye, Wajerumani walishusha Königsberg ya pili. Hiyo ndiyo iliyomchukua Admeri Hugo Meurer Novemba 1918 kwenda kupanga na Waingereza namna ya kusalimisha meli za Ujerumani. Mwaka 1920 ilikabidhiwa Ufaransa, ikaitwa Metz.

Ya tatu, ya mwaka 1927, ilizamishwa na ndege za Uingereza bandarini Bergen, Norway, Aprili 10, 1940.

Mji wenyewe uliotoa jina hilo ulichukuliwa na Urusi ya Kisovieti na tangu 1946 unaitwa Kaliningrad. Mzinga mmoja wa manowari ya Rufiji umehifadhiwa Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mwingine wa Pegasus.