Bili zisipolipwa, hasara ya nani?

Wadau, kila tukizungumzia kuifanya Mwanza jiji la kisasa, jibu la "pesa zitoke wapi?" ni ubia na sekta binafsi. Sawa, lakini tukumbuke ya Dar.

Agosti 2003 huduma ya maji Dar ilikabidhiwa City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapahapa nchini. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Mabomba yalibaki mali ya DAWASA, mikopo ya ukarabati ikabebwa na serikali. City Water iliendesha huduma na kukusanya bili. Makusanyo yakasuasua. Mei 2005 Waziri wa Maji, Edward Lowassa, akatangaza kuvunja mkataba. Julai 2008 wasuluhishi wa kimataifa wakaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za Biwater Gauff, ila wasilipwe fidia.

Miaka hiyohiyo, huku kwetu Ihelele, Misungwi, serikali ilijenga kwa fedha zake mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Shinyanga na Kahama, ukazinduliwa 2009. Sheria ya Ubia ikaja 2010.

City Water iliondoka, mikopo ikabaki ya walipakodi. Mkataba wowote ukiletwa Mwanza, tuanze na kifungu cha nani anabeba hasara. Mnasemaje?