Sindano ya kiungo: farasi akiacha kuchechemea si kwamba amepona

Barabara ya Ngong jijini Nairobi, kati ya Kibera na Kawangware, pana uwanja wa mbio za farasi uliokuwepo tangu 1954. Binamu yangu akaa Kawangware na kazi yake ni usaisi, katika zizi la mtu binafsi. Nilipomzuru mara ya mwisho nilimkuta amenyong'onyea. Farasi aliyemlea alidungwa sindano ya goti, na siku ya tatu mwenyewe akaamuru apandwe kwa kuwa hachechemei tena. Binamu alikataza, hakusikizwa. Baada ya wiki chache goti lilikuwa limekwisha.

Naliandika hili kwa sababu hata sisi wa Pwani tuna punda, na viungo vyao huugua vivyo hivyo.

Kumtambua

Mwendeshe mnyama mbio za polepole kwenye ardhi ngumu. Mguu wa mbele ukiwa mbovu, kichwa hupanda unapokanyaga, kisha hushuka ukikanyaga mguu mzima. Usikimbilie kulaumu kiungo. Huenda ni jiwe au usaha ndani ya kwato. Daktari hutia ganzi sehemu kwa sehemu, kuanzia chini kwenda juu. Akiacha kuchechemea, pamejulikana panapouma. Kisha hupigwa picha ya eksirei.

Kinachodungwa

Dawa ya kwanza ni jamii ya kotizoni. Hii hutuliza uvimbe na uchungu upesi, lakini baadhi yake zikirudiwa mara kwa mara hula gegedu, ule mto laini unaokinga mifupa isisagane. Ya pili ni asidi ya hayaluroni, inayosaidia ute wa kiungo kulainisha. Mara nyingi huchanganywa. Wako pia wanaotumia maji ya damu ya farasi mwenyewe yaliyotayarishwa maabara.

Hakuna kati ya hizi inayorudisha gegedu lililokwisha.

Hatari

Ngozi isiposafishwa sawasawa, vijidudu huingia na sindano. Kiungo kikioza ndani, mnyama aweza kupotea. Akivimba, akipata joto, au akishindwa kukanyaga baada ya kudungwa, mwite daktari siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Hatari ya pili ndiyo iliyompata farasi wa binamu. Uchungu ni mlinzi. Ukiuzima, mnyama hukanyaga kwa nguvu pale pale palipoumia. Ndiyo maana Uingereza farasi aliyedungwa kotizoni kiungoni haruhusiwi kushindana mpaka zipite siku 14.

Wenye punda

Kazi hii si ya muuza dawa wala jirani mwenye bomba la sindano. Sheria ya Kenya ya 2011 yataka daktari wa mifugo awe amesajiliwa. Muulize, si utovu wa adabu. Lamu kuna kliniki ya Donkey Sanctuary, iliyoanza 1987.

Tena msikize anayemlisha na kumsugua kila alfajiri. Mnyama ni amana, na hana ulimi wa kusema bado naumwa. Saisi ndiye ulimi wake.