Kijana wa Kambui na wanawake waliomfuata hadi kituo cha polisi

Juni 2024, vijana walipofunga barabara Githurai kupinga Mswada wa Fedha, wapo walioapa kwamba Kenya haijawahi kuona vijana wakisimama hivyo kwa sababu ya kodi. Imewahi. Zaidi ya karne moja iliyopita, kodi ya kibanda na mshahara uliokatwa viliwatoa watu makazini mjini Nairobi, na aliyewachochea alikuwa Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, mwendo mfupi kutoka Ruiru ukielekea Githunguri. Kila Machi kumbukumbu ya tukio hilo hupita bila kishindo. Watu wengi huku wanalijua jina la Thuku kwa barabara inayopita mbele ya hoteli ya Norfolk, basi.

Thuku alizaliwa mwaka 1895. Alisomea Kambui kwa wamisionari Wamarekani wa Gospel Missionary Society, na mwaka 1911 akashuka Nairobi kuwa tarishi wa benki. Akafungwa miaka miwili kwa kughushi hundi. Alipotoka alipata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la Leader, sauti ya walowezi, kwa hiyo matusi yao dhidi ya Waafrika yalipita mikononi mwake herufi kwa herufi kabla hayajafika kwa msomaji. Kisha akawa mhudumu wa simu katika Hazina. Ukitaka kumlea mpinzani wa serikali, hakuna malezi bora kuliko hayo.

Wakati huo Thika na Ruiru zilikuwa nchi ya walowezi. Reli ilikuwa imefika Thika mwaka 1913, na mashamba ya kahawa na katani yalikuwa na njaa ya vibarua isiyoisha. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka ukiwataka maafisa na machifu "wawahimize" wenyeji kwenda kufanya kazi mashambani, wanawake na watoto wakiwamo. Kila aliyewahi kuhimizwa na chifu anajua himizo hilo lilikuwa la namna gani. Wasichana walitolewa makwao kwenda kuchuma kahawa, wengine wakalala huko huko shambani, na baadhi wakarudi na mimba. Wanaume nao walilazimishwa kutembea na kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni ndani ya kijikopo cha bati. Mwaka 1921 walowezi wakaamua kukata mishahara kwa theluthi moja, ilhali kodi ya kibanda ilikuwa imefika shilingi 16.

Thuku alianzisha chama cha Young Kikuyu Association mwaka huo huo, na baada ya muda mfupi kikaitwa East African Association ili Mkamba, Mjaluo na Mganda wasijione wageni ndani yake. Julai chama kilipeleka simu ya maandishi London kueleza malalamiko yao, kikatamka humo kwamba, ukiwaondoa wamisionari, Wahindi ndio rafiki wakubwa wa Waafrika. Walowezi walichemka. Machifu nao walichukia kwamba karani wa mjini anazungumza kwa niaba yao, na baadhi yao wa Kiambu wakatia sahihi hati za kiapo dhidi yake. Thuku alipoteza kazi ya serikali, akabaki na siasa.

Alikamatwa Machi 14, 1922, akiwa hajafikisha miaka 30, akawekwa katika kituo cha polisi cha Nairobi. Wafanyakazi wakagoma. Kwa yaliyofuata siku mbili baadaye ninamtegemea Job Muchuchu, aliyekuwapo na ambaye ushuhuda wake ulichapishwa miaka mingi baadaye, pamoja na tawasifu ya Thuku mwenyewe, ambaye alikuwa ndani akisikia kelele tu.

Asubuhi ya Machi 16 maelfu walikuwa wamejaa nje ya kituo, askari wa King's African Rifles na polisi wakiwatazama, bunduki mkononi. Wajumbe wachache walichaguliwa kwenda kumwona Charles Bowring, afisa mwandamizi wa serikali ya kikoloni. Wakarudi na ahadi kwamba Thuku atasikilizwa kwa haki, wakawaomba watu waende nyumbani. Wanaume wakaanza kuondoka.

Wanawake hawakusogea. Kwao jambo hili halikuwa kodi peke yake, kwani ni Thuku aliyesema hadharani kuhusu binti zao waliopelekwa kwenye kahawa. Waliwatupia wajumbe maneno ya kuwadhania wamehongwa. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke wa Weithaga kule Murang'a, alipojitokeza mbele, akapandisha nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni lake wampe yeye suruali zao, kwa kuwa ni waoga na kiongozi wao yumo humo ndani. Kwa Wagikuyu, mwanamke mzima kufanya hivyo ni laana ambayo mwanamume hawezi kuigeuzia mgongo akaendelea na safari yake. Wanawake wenzake wakapiga vigelegele, umati ukasukumana hadi kwenye ncha za bayoneti.

Risasi zikalia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Inasemekana walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walijiunga kufyatua, watu wakikimbia wamewapa mgongo. Serikali ilihesabu 21 waliokufa. Wafanyakazi Waafrika wa chumba cha maiti walitaja 56. Nani wa kuaminiwa, mimi nina jibu langu, hasa nikikumbuka hesabu tulizopewa baada ya maandamano ya 2024.

Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Thuku akapelekwa Kismayu bila kufunguliwa mashtaka, pamoja na wenzake Waiganjo Ndotono na George Mugekenyi, na alimalizia uhamisho wake Marsabit. Aliachiliwa mwishoni mwa 1930 na kukuta chama kipya, Kikuyu Central Association, kikiwa na wenyewe. Mwaka 1932 akawa rais wa chama hicho, wakagombana, na 1935 akaanzisha chama chake cha wapole zaidi. Desemba 1952 alizungumza redioni akiwalaani wapiganaji wa Mau Mau. Hapo ndipo wengi walipofunga ukurasa wake, na siwalaumu, ingawa kumfuta Thuku wa 1922 kwa makosa ya Thuku wa 1952 ni kuwafuta pia waliokufa kwa ajili yake.

Jambo linalonivutia mimi ni kahawa. Zao ambalo Mwafrika wa Kiambu alizuiwa kulipanda kwa miongo kadhaa ndilo lililomlea uzeeni. Mwaka 1959 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuketi katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union, meza moja na watu wa tabaka lililotaka binti za Kambui wachume bila kuuliza. Alifariki Juni 1970, mwaka ule ule tawasifu yake ilipotoka.

Baada ya hapo hakuna mengi. Kituo cha utafiti wa kahawa bado kipo Ruiru na kikatoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, lakini mashamba makubwa yamekuwa ploti na magorofa, na mji mpya wa Tatu City umesimama juu ya ardhi iliyokuwa mibuni. Kaunti ya Kiambu ikiamua siku moja kuweka kibao cha kumbukumbu Kambui, Ndotono na Mugekenyi waandikwe pia. Na jina la Nyanjiru liwe juu, kabla ya la Thuku.